SOMO LA NYUMBANI: NANI ATATUSEMEA UONGO?

Someni kwanza: Matendo 5:1–11.



Jioni moja tulikuwa barazani tukichambua mchicha pamoja na mjukuu wetu wa miaka saba. Chai ilikuwa mekoni. Mara tukamwona kwa mbali mzee mwenzetu, ambaye siku ile tulimwahidi fedha zake. Tukaingia ndani upesi, tukamwagiza mtoto aseme kwamba hatupo. Akasema vizuri, bila kigugumizi, na mzee wa watu akaenda zake. Mtoto akarudi kwenye ungo wake, akauliza: "Babu, na kesho nimwambieje?"

Hatukuwa na jibu. Usiku tukakumbuka kisa cha Jonathan Aitken wa Uingereza.

Mwaka 1993, akiwa waziri, Aitken alilala katika hoteli ya Ritz mjini Paris, na bili yake ikalipwa na watu wengine. Gazeti la Guardian lilipoandika habari hiyo, alikana, akasema mkewe ndiye aliyelipa. Mwaka 1995 akalishtaki gazeti. Uongo huo ukahitaji mashahidi, naye akawatafuta nyumbani mwake: binti yake, aliyekuwa bado kijana, akatia sahihi maelezo yasiyo ya kweli ili kumwokoa baba. Mwaka 1997 kumbukumbu za ndege na za gari la kukodi zikaonyesha kwamba mke huyo wakati ule alikuwa Uswisi. Kesi ikaanguka. Mwezi Juni 1999 Aitken, akiisha kukiri makosa yake, alihukumiwa kifungo cha miezi 18 kwa kusema uongo chini ya kiapo na kupotosha haki.

Tazameni, ndugu. Bili ya hoteli haikumpeleka gerezani. Kilichompeleka ni uongo wa kuifunika. Anania naye hakuanguka peke yake. Alikwisha patana na mkewe nyumbani. Uongo wa mkubwa wa nyumba hauli peke yake, huwaketisha wote mezani.

Lakini kisa hakikuishia gerezani. Aitken alisoma theolojia, akawa shemasi mwaka 2018 na kasisi mwaka 2019, akawahudumia wafungwa. Aliyekiri hafungiwi mlango.

Nasi asubuhi tulimshika mjukuu mkono, tukaenda kwa yule mzee. Tulimlipa nusu, tukamwambia mbele ya mtoto kwamba jana tulikuwamo ndani. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akatukaribisha uji. Jioni tukakaa tena barazani, na hodi ilipopigwa hakuna aliyekimbilia chumbani.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:

1. Je, tumepata kumtuma mtoto aseme lisilo kweli kwa ajili yetu?
2. Safira angeweza kumjibu mumewe nini?
3. Ni nani tunayepaswa kumwendea juma hili, na mtoto yupi afuatane nasi?