Kupima Sumukuvu kwa Gharama Nafuu

SWALI: Je, wafugaji wa Marangu wanaolisha ng'ombe pumba za mahindi wanaweza kupima sumukuvu bila kupeleka sampuli maabara?

JIBU: Inawezekana, ingawa si kwa macho. Sumukuvu, yaani sumu zinazotengenezwa na baadhi ya kuvu, haina rangi wala harufu, na mahindi yanayoonekana safi huweza kuwa nayo. Zipo karatasi za kupimia, ambazo huchovywa katika maji yaliyochujwa kutoka unga uliochanganywa na kimiminika cha kuyeyushia sumu, na huonyesha jibu kwa mistari ndani ya dakika chache. Gharama hupungua wafugaji wakinunua kwa pamoja kupitia ushirika wa maziwa.

Ugumu mkubwa, hata hivyo, umo katika sampuli, kwa kuwa sumu hukusanyika katika punje chache; hivyo konzi moja kutoka gunia moja haithibitishi lolote. Inafaa kuchota sehemu nyingi za kila gunia, kuchanganya, kusaga na ndipo kupima. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa cha aflatoksini zote, ambazo ni aina mojawapo ya sumukuvu, katika mahindi ya chakula, Afrika Mashariki, ni mikrogramu 10 kwa kilo, na ng'ombe akila aflatoksini B1, sehemu yake hutoka katika maziwa kama aflatoksini M1.

Karatasi ya aflatoksini haigundui fumonisini, sumu nyingine ya mahindi ambayo watafiti waliikuta katika vyakula vya watoto wachanga Rombo. Hiyo huhitaji kipimo chake.