Faili Milioni 40, na Usiku Hautoshi

Mwanangu J.M.,

Pole kwa kukesha. Unasema programu yako hupitia folda zote za seva kila usiku ili kutengeneza faharasa ya faili, hata wenzako wakiingia asubuhi haijamaliza, na sasa bosi anataka faharasa ifutwe. Usikubali. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Usiku unaliwa wapi

Majina hayana uzito. Kinachochosha ni kuiuliza diski habari za kila faili: ukubwa, mwenyewe, tarehe. Diski ya kuzunguka husogeza mkono wake ili ijibu. Kila swali likichukua milisekunde 5, faili milioni 40 ni zaidi ya saa 55. Kinachokuokoa ni kwamba habari nyingi hukaa jirani, zikasomwa kwa mkupuo.

Unatafuta nini hasa?

Kama ni majina tu, programu ya kutafuta faili iitwayo plocate inakutosha. Inapojisasisha huitazama tarehe ya folda, na ambayo haijabadilika haisomi upya majina yaliyomo. Nayo hupanga majina kwa vipande vya herufi tatu tatu, ndiyo maana hujibu upesi.

Lakini sikiliza vizuri. Tarehe ya folda hubadilika jina likiongezwa, likifutwa au likigeuzwa. Mtu akiandika ndani ya faili ya zamani, folda haina habari. Ukijenga ripoti za ukubwa juu ya tarehe hizo, utampelekea bosi uongo bila kujua.

Ukihitaji ukubwa, fuata mabadiliko yenyewe. NTFS, mfumo wa faili wa Windows, ina daftari lake la mabadiliko. Kwenye Linux kuna huduma ya fanotify, inayoweza kufuatilia mfumo mzima wa faili. Huduma nyingine ya Linux, inotify, hutaka mlinzi kwa kila folda, na kila mlinzi anakula kumbukumbu. Kwa folda zako, iache.

Hapa nakukanya

Daftari la mabadiliko likijaa, ya zamani hutupwa. Foleni ya fanotify nayo hufurika. Kwa hiyo upitiaji kamili usiufute, usogeze wikendi.

Na faharasa uliyoitengeneza mwenyewe, je, inauliza nani anatafuta? Jina la faili peke yake laweza kutangaza nani anaachishwa kazi. Plocate kwa kawaida hukagua ruhusa kabla ya kuonyesha. Yako isipokagua, ifunge leo, hata wenzako wakinung'unika.

Kisha fungua faili ya mipangilio ya plocate, updatedb.conf, uziingize folda za muda na za nakala za akiba kwenye PRUNEPATHS ili zirukwe. Pima usiku mmoja kabla hujagusa kingine.