Usifungue radiatere ya moto

Mwenye Peugeot 404 ya zamani anaipenda kama mtoto. Kila asubuhi, motere ikiwa baridi, atazame maji. Lakini njiani mvuke ukitoka mbele, zima motere, ukae mbali. Chini ya kifuniko maji yamebanwa, hata yanapita digri 100 bila kuchemka. Ukifungua, yanaruka usoni. Jicho haliuzwi garajini! Ngoja mpaka radiatere ipoe kabisa, ndipo uzungushe polepole kwa kitambaa kinene. Usitie maji baridi katika motere ya moto, chuma kinaweza kupasuka.

Mtu akiungua, mmwagie maji safi ya baridi dakika 20. Msipake mafuta wala dawa ya meno: kuviondoa ni kazi yangu, na mgonjwa analia. Kisha mbio dispanseri.