Miti Imerudi Gusii, Msitu Bado

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira, kaunti mbili za Gusii nchini Kenya. Kaunti ya Kisii ina zaidi ya watu 900 katika kila kilomita ya mraba, ilhali wastani wa Kenya ni 82. Palipobanana hivyo, mtu angetarajia vilima vitupu. Kumbe vimejaa miti, na mingi ni mikaratusi iliyopandwa na wakulima.

Msitu ulivyoondoka

Abagusii, wenyeji wa kaunti hizi, walipohamia nyanda hizi za juu, walifyeka msitu ili walime wimbi na kulisha ng'ombe. Ufyekaji ulizidi mazao ya biashara yalipoingia: kahawa miaka ya 1930, kisha pareto na chai. Baada ya uhuru, familia nyingi zilipata ardhi Borabu, katika yaliyokuwa mashamba ya walowezi. Kwingineko baba aliwagawia wanawe shamba, nao wakawagawia wana wao, hadi jembe likafika vileleni na kwenye vinamasi.

Miti ilivyorudi

Miti imerudishwa na umiliki na soko. Mwenye shamba lake anajua atavuna alichopanda, na wanunuzi hawakosekani. Viwanda vya chai kama Nyansiongo, Sanganyi na Kebirigo huchoma kuni ili kupata mvuke wa kukaushia majani. Shule hupikia kuni, wajenzi hutafuta nguzo, na tanuri za matofali hula magogo.

Mkaratusi haudai palizi nyingi, hivyo humfaa hata mwenye shamba anayefanya kazi Nairobi. Ukikatwa, kisiki huchipua. Mkulima hubakiza machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, huondoa mengine, na baada ya miaka michache huvuna tena bila kununua mche. Karo ya shule hutoka hapo.

Shida iko bondeni

Chai na migomba ikishika mteremko, mikaratusi husukumwa chini, kwenye chemchemi na vijito vinavyolisha mito Gucha na Sondu. Huko hunywa maji mwaka mzima na kukausha vinamasi. Mwaka 2009, John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Mazingira, aliagiza ing'olewe kando ya vyanzo vya maji. Mingi ingali imesimama, kwa kuwa familia yenye kishamba kidogo haiwezi kuacha pato lake kwa agizo tu. Tena, shamba la mti wa aina moja haliwarudishii nyuki maua ya kila msimu, wala waganga miti ya dawa.

La kufanya

Mikaratusi ipandwe mbali na maji, kwenye mawe na miteremko isiyofaa chakula. Mpakani mwa shamba ipandwe migrevilea. Kando ya kijito, mianzi na miti ya asili. Anayevuna mikaratusi ya bondeni asiache kisiki kichipue tena: apande mti wa asili mahali pake. Miche na ushauri vinapatikana kwa maofisa wa Huduma ya Misitu ya Kenya. Waulizeni kabla ya mvua za masika.