SOMO: TAA ZA NYUMA ZA TELA, ANZA NA ETHI



Katika somo hili tunazungumzia taa za nyuma za tela linalovutwa na trekta. Msimu wa kukata miwa kazi haisimami jua likizama, na matela hutoka shambani yakaingia barabara kuu gizani. Trekta lenye mzigo hutembea labda kilomita 20 kwa saa, na gari linalokuja nyuma yake kilomita 80. Ikiwa dereva wa gari hilo analiona tela likiwa mita 50 mbele yake, ana sekunde 3 tu kabla ya kuligonga. Taa mbili ndogo ndizo zinazompa nafasi ya kuliona mapema.

Umeme huenda na kurudi

Umeme hutoka kwenye betri, hupita kwenye fyuzi, swichi na plagi, huwasha balbu, kisha lazima urudi kwenye betri. Njia ya kurudi ndiyo mafundi huiita ethi. Kila taa ina waya wake wa kuleta umeme, lakini taa zote za tela hurudisha umeme kwa waya mmoja. Pini inayounga tela na trekta imejaa grisi na kutu, kwa hiyo haifai kutegemewa kuwa njia ya umeme. Waya huo mmoja ukilegea, taa zote huharibika kwa pamoja. Ndiyo maana tunasema: kabla ya kununua balbu, tazama ethi.

Plagi ya matundu saba ya volti 12, kwa utaratibu wa kimataifa, hupangwa hivi:

1. Manjano: indiketa ya kushoto.
2. Buluu: taa ya ukungu ya nyuma.
3. Nyeupe: ethi.
4. Kijani: indiketa ya kulia.
5. Kahawia: taa ya nyuma ya kulia.
6. Nyekundu: taa za breki.
7. Nyeusi: taa ya nyuma ya kushoto.

Usiamini rangi peke yake, kwa maana tela la zamani limepita mikono mingi. Pia malori ya volti 24 yana mpangilio wake.

Ugonjwa na dalili zake

Taa moja tu ikikataa, tazama balbu yake na kikombe chake. Balbu ya nyuma mara nyingi ina nyuzi mbili: wati 5 za kuonyesha tela na wati 21 za breki. Uzi mmoja unaweza kukatika na wa pili ukabaki.

Ukikanyaga breki na taa za nyuma zikafifia, au indiketa ikawaka pasipo kuitwa, ethi ni mbovu. Umeme umekosa njia yake ya kurudi na unapita kwenye balbu nyingine. Ikiwa ni upande mmoja tu, tazama ethi ya taa ile. Ikiwa ni pande zote mbili, tazama waya mweupe na plagi.

Fyuzi ikiungua tena na tena, kuna waya uliochubuka unaogusa chuma. Usiweke fyuzi kubwa zaidi wala kipande cha waya mahali pake. Nyaya zitashika moto, na majani makavu ya miwa hayangoji kuombwa.

Jinsi ya kutengeneza

Kwanza, zima injini, vuta breki ya mkono na weka vizuizi kwenye magurudumu. Pili, pima soketi ya trekta kwa balbu yenye nyaya mbili: waya mmoja kwenye tundu la taa, wa pili kwenye tundu la ethi. Ikiwaka vizuri, trekta ni zima na ugonjwa uko kwenye tela. Tatu, chukua waya mrefu, unganisha ethi ya taa mbovu na chuma safi cha trekta. Taa ikipata nguvu, umekwisha kumkamata mwizi.

Fungua mahali ethi ilipofungwa, sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, kaza nati, kisha paka grisi juu yake kuzuia kutu. Waya uliokatika usifungwe kwa mfuko wa plastiki. Tumia kiungio na tepu ya umeme. Ufunge kando ya chasisi, na penye kona ya tela uache ulegevu wa kutosha kugeuka, lakini usiburuzike chini.

Kazi hii ni ya nani?

Balbu, nyaya na muda wa kutengeneza ni gharama za mwajiri, si za mfuko wa dereva. Tawi la majani lililofungwa nyuma si taa. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani Na. 184 wa mwaka 2001, unaohusu usalama katika kilimo, unasema katika kifungu cha 8 kwamba mfanyakazi ana haki ya kujiondoa katika hatari kubwa iliyo karibu, amwarifu msimamizi wake mara moja, wala asiadhibiwe kwa hilo. Mkataba huu unazifunga nchi zilizouridhia. Kwa hiyo taarifa ya mdomo haitoshi: andika tarehe, namba ya tela, ubovu wake na jina la aliyepokea taarifa, na nakala ipelekwe kwa mwakilishi wa tawi.

Maswali ya kujadili tawini

1. Kwa nini ubovu wa waya mmoja huharibu taa zote za tela?
2. Matela mangapi ya kazini kwetu yana taa nzima usiku huu? Nani ameyakagua?
3. Dereva akiamriwa kutoka bila taa, tawi litafanya nini kabla ya zamu kuanza?