Karatasi ile ulimtungia nani?

Mama Wawili wa Kisauni,

Barua yako imenichekesha, kisha nikajizuia, maana naona ulipoiandika hukuwa ukicheka. Unasema wanao unawasomesha nyumbani tangu mwaka jana. Ukawapeleka Watamu asubuhi, magofu ya Gede mchana, na ukakesha ukiwatungia karatasi ya maswali 20. Karatasi imerudi tupu. Binti alishinda akiwatazama kima waliowapora ndizi, na mdogo wake alichimba mchanga hadi ukamvuta kwa mkono. Sasa mamamkwe anasema hiyo si shule, ni kuzurura, nawe unaniuliza kama uwarudishe darasani Januari.

Polepole, dada yangu. Katikati ya barua kuna jambo umelipitisha upesi, kama mtu afichaye pesa kwenye pindo la kanga. Kijana alichungulia kisima, akauliza watu wa mji huu walikwenda wapi, nawe ukamwambia amalize swali la 9 kwanza. Nijibu kweli: ulimkatiza kwa sababu ya muda, au kwa sababu jibu hukuwa nalo?

Kama hukuwa nalo, hauko peke yako. James Kirkman alianza kuchimba Gede mwaka 1948, na hadi leo wanaakiolojia hawajakubaliana kwa nini mji wenye msikiti mkuu, jumba la mtawala na vyombo vya kaure kutoka Uchina ulihamwa. Wapo wanaosema maji ya visima yalizidi kushuka, wapo wanaotaja mashambulizi ya Waoromo kutoka kaskazini. Wareno walikaa miaka mingi Malindi, pua na mdomo na Gede, lakini hakuna maandishi yao yanayojulikana yanayoutaja mji huo. Hata kuingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2024 hakukulimaliza swali. Mwanao kaliuliza lilelile, akapewa karatasi!

Na ule mchanga usiudharau. Nyumba za Gede zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, na chokaa iliyoyashika ilipatikana kwa kuchoma matumbawe pia. Mtoto aliyelipapasa tumbawe ufukweni asubuhi angeweza kulitambua ukutani mchana. Ila sharti mtu amwoneshe, na mtu huyo alikuwa ameinamia maswali yake.

Sasa nikwambie bila kuzunguka: karatasi ile hukuwatungia watoto. Ulimtungia mamamkwe. Ulitaka jioni uiweke mezani, aone wajukuu wamejaza, anyamaze. Nakuelewa, maneno ya mkwe yanachoma. Lakini mzigo huo umewatwisha watoto, na wao walijua wametoka matembezi. Januari usiiamue kwa siku moja ya pwani.

Kinachonipa wasiwasi mimi ni kingine kabisa. Binti yako aliuliza garini kama huko kutakuwa na watoto wengine. Hilo hukuliandikia hata mstari wa pili. Msichana wa miaka 11 anayemtegemea mdogo wake kwa kila mchezo atachoka, hata awe na mwalimu hodari namna gani. Tafuta familia nyingine zinazosomesha nyumbani, mtoke pamoja. Ukikosa, mwachie jioni za kucheza na wenzake mtaani. Na kama baada ya hapo bado anaitamani shule, basi hilo ni shauri la kuketi naye na kumsikiliza, si la kuona haya.

Kuhusu bibi yao: umeandika mwenyewe kwamba ni mzaliwa wa Mambrui. Huyo anajua kusoma maji kuliko kitabu chochote ulichowanunulia. Safari ijayo mchukue. Mwombe achague siku ya bamvua, maji yatoke mbali, na awaoneshe wajukuu kinachobaki kwenye vidimbwi vya miambani. Pale ufukweni mwalimu awe yeye. Mkifika Gede, kijana akirudia swali lake, mwambie hujui, kisha muulize yeye anadhani nini. Halafu nyamaza umsikilize, ingawa naona kunyamaza ndiko kutakakokupa tabu.

Shangazi yako