Bafu Lisilo na Kizingiti: Mteremko Hupangwa Kabla ya Vigae

Akheri imekaa kwenye miteremko ya chini ya Mlima Meru, na viwanja tambarare huko ni vichache. Mjenzi hukata udongo upande wa juu, hujaza kifusi upande wa chini, kisha hupiga jamvi juu ya vyote viwili. Kifusi kisiposhindiliwa tabaka kwa tabaka, huzama taratibu kila masika, na sakafu huzama nacho. Bafu mara nyingi huwa upande huohuo wa chini, kwa kuwa ndiko maji machafu yanakoelekea shimoni.

Katika bafu la kawaida, kasoro hiyo hufichwa na tuta la zege linalozuia maji ya kuogea yasisambae. Ila tuta la sentimita 10, ambalo kijana huliruka bila kuliona, humsimamisha nje bibi mwenye magoti mabovu. Anayetumia kiti cha magurudumu hapiti kabisa bila kubebwa, na kubebwa kwenda kuoga ni jambo linalomvunjia mtu mzima heshima. Sensa ya 2022 ilionyesha kuwa asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana aina fulani ya ulemavu. Uzee nao unakuja kwa kila kaya. Kwa hiyo tuta liondoke, na kazi yake ifanywe na mteremko.

Kipimo kinachofaa ni sentimita 2 za kushuka kwa kila mita 1. Tuseme sehemu ya kuogea ina mita 1.2 kila upande na tundu la maji liko katikati. Kutoka ukingoni hadi tunduni ni sentimita 60, hivyo sakafu itashuka milimita 12. Tundu likiwa mfereji mrefu kando ya ukuta, maji yatasafiri mita 1.2 nzima na sakafu itashuka milimita 24. Uamuzi huu ndio unaochagua vigae. Kigae cha sentimita 60 kwa 60 hakikunjiki, kwa hiyo hakiwezi kufuata sakafu inayoteremkia katikati kutoka pande nne. Kinafaa penye mfereji, ambako sakafu yote huelekea upande mmoja. Tundu la katikati linataka vigae vidogo.

Kwa nyumba mpya mambo ni mepesi: jamvi la sehemu ya kuogea lishushwe sentimita 5 au 6 kabla zege halijamwagwa. Nyumba ya zamani ina njia mbili. Ya kwanza ni kuchimba sakafu ya chini na kuipiga upya. Katika ghorofa, zege la sakafu lisiguswe bila mhandisi. Ya pili ni kuinua sakafu ya sehemu iliyobaki ya bafu, lakini hapo kidaraja huhamia mlangoni, na usumbufu unarudi palepale.

Mafundi wengi huharakisha hatua ya kusawazisha, ilhali hapo ndipo bafu linapopona au kuharibika. Nyufa zinazoendelea kupanuka ni dalili ya kifusi kinachozama. Zisifunikwe kabla chanzo hakijatibiwa. Zege la zamani lisuguliwe, lifagiliwe na kuloweshwa ili sakafu mpya ishike. Fundi apige alama za usawa ukutani kwa mpira wa maji, avute uzi hadi tunduni, kisha alaze rula ya mita 2: mwanya chini yake usizidi milimita 3. Mchanga mweusi wa volkano huweza kuwa na vumbi jingi. Utiwe kwenye chupa ya maji, utikiswe na kuachwa utulie. Tabaka la tope likizidi sehemu moja ya kumi, uoshwe. Mchanganyiko uwe saruji sehemu 1 kwa mchanga 3 au 4, na sakafu imwagiliwe kwa siku 7.

Sakafu ikikauka hupakwa dawa ya kuzuia maji, ikipanda ukutani angalau sentimita 15, na hadi juu ya kichwa panapopiga maji ya kuoga. Kisha tundu huzibwa, sehemu ya kuogea hujazwa maji na kuachwa saa 24. Kina kikipungua au ukuta wa nje ukilowa, kigae kisibandikwe. Maji yakibaki palepale, tundu hufunguliwa na fundi huangalia kama yamekwisha yote. Dimbwi lolote hujazwa kwa saruji, hupakwa dawa upya na kupimwa tena.